Ikiwa ya baridi kiki moja, ikipata moto tunasukumana

Aisee nianzie pale sheli maana ndo siku niliyochoka kabisa. Jua la saa nane mchana, nimetoka Kibaha na pikipiki yangu, trei kumi za mayai nimezifunga nyuma kwa mpira, nikaingia sheli moja hapo njiani kabla ya Mbezi kujaza mafuta ya elfu tano, nikazima injini kama inavyotakiwa, dada wa pampu akajaza, nikalipa, nikapiga kiki. Kimya. Ya pili kimya, ya tano kimya, ya kumi jasho linaingia machoni. Nyuma yangu bajaji mbili na Noah moja wanapiga honi, na yule dada wala hakushtuka, akaniambia kwa upole kabisa "kaka si uisogeze pembeni kama siku zote". Kama siku zote! Yaani nimeshakuwa mteja wa kusogea pembeni, mpaka kivuli changu wanakijua.

Sasa nimepona (pikipiki imepona, mi bado naumwa mguu wa kulia kwa kiki) nikaona niandike maana najua kuna watu wengi wanapitia hiki kitu na wanaishia kununua vifaa kimoja baada ya kingine kama mimi, na mwisho wa siku tatizo halikuwa hata kwenye kifaa.

Pikipiki yenyewe ni ya Kihindi, cc 125, ya kabureta, ina kiki na stata, nilinunua mkononi kwa mtu ikiwa imetembea kilomita 31,000 na kitu. Kazi yake ni mayai, nachukua kwa wafugaji Kibaha nasambaza madukani Kibamba, Mbezi mpaka Kimara, kila siku isipokuwa Jumapili. Tabia ya ugonjwa wake ilikuwa hivi: asubuhi inawaka kiki moja, hata choki mara nyingine sivuti. Ikishawaka haina shida yoyote, haimisi, inavuta, mlima inapanda na mzigo. Nikisimama dukani dakika moja nikashusha trei nikawasha fasta, inawaka. Ila nikikaa dakika tano mpaka kumi, mwenye duka anahesabu hela taratibu huku anahudumia watoto wa jojo, hapo imekwisha. Itagoma mpaka ipoe, nusu saa hivi, halafu inawaka kiki moja kama haijawahi kunikosea.

Na hapo ndo penye mtego. Kwa sababu ikigoma unaisukuma kwenda kwa fundi, kwa jua lile unafika umelowa, ushapumzika njiani mara tatu, umemsubiri fundi amalizie pancha ya mtu, anakuja anapiga kiki moja, vruum. Anakuangalia kama mtoto aliyesingizia tumbo asiende shule. "Broo mbona iko fresh?" Utamwambia nini? Unaanza kujieleza, inakuwa kama unajitetea polisi. Fundi naye hawezi kukuacha uondoke bure, kwa hiyo anabahatisha, na kubahatisha kwake ni kwa hela yako.

Wa kwanza alisema plagi. Tukaweka mpya, 4,000. Siku mbili sikuona shida (baadaye nilikuja kugundua kwamba zile siku mbili kulikuwa na mawingu na mvua, injini haikupata moto sana, ila mi nilishamsifia fundi kwenye kijiwe chote). Siku ya tatu jua likatoka, tukarudi kulekule. Wa pili akasema ni sidiai (CDI, kale kaboksi ka umeme kanakopigisha cheche ya plagi), hizi sidiai zikipata moto zinalala, nikanunua nyingine 25,000. Hakuna. Wa tatu akashusha kabureta, akaiosha, akapuliza jeti kwa kompresa, akapandisha sailensa (ule mzunguko wa injini ikiwa imesimama bila mafuta ya mkono) kidogo, 10,000. Hakuna. Wa nne huyo hata sikumwita, alikuwa anapita tu, akasema injini inapata joto sana nimwagie maji. Nilikataa na hapo nilikuwa sahihi, injini ya alumini iko moto vile ukaimwagia maji ya baridi unaweza ukapasua au ukapindisha kitu ambacho kilikuwa kizima. Wala usikubali hata uwe umekata tamaa vipi.

Kijiweni nako ndo usiseme, kijiwe chetu kina maprofesa. Mmoja mafuta ya siku hizi yana maji, mwingine koili ya juu, mwingine ringi zimekwisha fanya ovahoo tu bro utapumzika, mwingine akaniambia ukweli uza tu hiyo. Wote wanaongea kwa uhakika. Na cha ajabu kila mmoja ana mfano wa pikipiki iliyokuwa na dalili zilezile na kilichokuwa kimeharibika ni hicho anachokisema yeye. Na wala hawadanganyi! Hilo ndo nililokuja kulielewa kwa kuchelewa, kwamba dalili ni moja lakini magonjwa ni manne matano, sa ukinunua kifaa kwa kufuata hadithi ya mtu mwingine unanunua dawa ya ugonjwa wake.

Kilichonifungua akili ni mama. Nilikuwa namlalamikia jioni, akaniambia hii si kama homa ile ya vipindi, mtoto anatetemeka usiku, ukimfikisha zahanati asubuhi anacheza. Nikakaa kimya. Ni kweli. Mimi siku zote nilikuwa namfikisha mgonjwa akiwa ameshapona. Kinachotakiwa ni kumpima palepale anapotetemeka, barabarani, kwenye jua, kabla hajapoa. Kwa hiyo inabidi nipime mwenyewe.

Nikaweka chini ya siti spana ya plagi, plagi moja ya zamani lakini nzima, bisibisi, kitambaa kinene na kachupa ka maji. Halafu nikawa nasubiri igome. Unajua ukiwa unaisubiri haigomi? Siku nzima ya kwanza iliwaka kila mahali, nikaanza kujicheka. Kesho yake saa saba, Mbezi, nimeshusha trei mbili nimetoka dukani nimepiga kiki tatu, kimya. Nikafurahi! Nadhani mimi ni mtu wa kwanza Dar kufurahi pikipiki ikizingua. Nikaisogeza chini ya mwembe nikaanza.

Kanuni ni rahisi, injini ya petroli ili iwake inataka mafuta, inataka moto wa plagi kwa wakati wake, na inataka kompresheni, yaani ule mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, mafundi wengine wanaita pumzi. Kimoja kikikosekana hamna kitu. Kwa hiyo swali sio "kifaa gani kimekufa", swali ni "kati ya hivi vitatu, sasa hivi, ikiwa ya moto, kipi hakipo".

Nikaanza na mafuta kwa sababu ndo rahisi. Kwanza fungua mfuniko wa tanki. Kama kitundu cha kupumulia cha mfuniko kimeziba kwa vumbi, mafuta yanaposhuka hewa haiingii kuziba nafasi, tanki linavuta kwa ndani, mafuta yanakataa kushuka. Ukifungua utasikia fyuu hewa inaingia, halafu ukisubiri kidogo inawaka. Jamaa yangu mmoja wa kijiweni aliteseka na hii miezi, dawa ilikuwa pini. Ila yake ilikuwa inazima ikiwa kwenye mwendo, inafifia kwanza kama inaishiwa mafuta, yangu haijawahi kuzima kwenye mwendo hata siku moja. Nikafungua, hakuna fyuu. Sawa.

Nikafungua plagi. Hapa tumia kitambaa, kichwa cha injini kiko moto kwelikweli. Plagi ikatoka, nikainusa, inanuka petroli na ina unyevu kwa mbali. Maana yake mafuta yanafika. Ingekuwa kavu kabisa baada ya kiki zote zile ningeangalia koki, chujio na kabureta. Na ingekuwa imelowa chapachapa inadondosha ningejua imekunywa kupita kiasi, kwamba ile sindano ya floti haifungi vizuri, ukisimama tu mafuta yanaendelea kuteleza kuingia ndani, na joto la injini nalo linayachemsha kwenye kabureta yanapanda yenyewe. Hiyo ya kulowa ina kipimo chake cha haraka, usivute choki, fungua mafuta mpaka mwisho kwenye mkono, piga kiki bila kuachia. Hewa nyingi inaingia inakausha. Ikiwaka kwa hivyo, na moshi mweusi, basi ilikuwa imekunywa. Mi nilishajaribu hiyo mara nyingi tu, haikuwahi kusaidia.

Nikaja kwenye moto wa plagi. Unaichomeka plagi kwenye kofia yake, unagusisha chuma cha plagi kwenye mapezi ya injini mahali pasipo na rangi, igusane kweli maana ikining'inia hewani unaweza kuua sidiai, na uiweke mbali na lile tundu la plagi kwa sababu ukipiga kiki mvuke wa petroli unatokea hapo na cheche ikiwa karibu utajichoma nyusi. Nikapiga kiki. Cheche ya bluu, nene, inalia ta ta ta. Nikarudia na ile plagi nyingine, vilevile.

Hapo nikakaa chini. 25,000 yangu ya sidiai nikaiona inapaa juu ya mwembe.

Nisieleweke vibaya, umeme unaoshindwa kwenye joto upo na ni wa kawaida sana. Kuna jirani yangu anaendesha bodaboda, yake ilikuwa ikipata moto cheche inapotea kabisa, kumbe ni kale kakoili kadogo pembeni ya sumaku kanakoiambia sidiai lini ipige. Waya wake ni mwembamba kama unywele, umekatika kwa ndani, ikiwa ya baridi ncha zinagusana, ikipata joto zinaachana. Ikiwa ya baridi testa inasoma vizuri, ikiwa ya moto haisomi kitu. Na koili ya juu, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, nayo inafanya hivyohivyo, ukiishuku ifunge kitambaa chenye maji ya baridi dakika tano (koili, sio injini), ikirudi cheche umempata mwizi. Lakini vyote hivyo utaviona kwa kuangalia cheche wakati imegoma. Mimi cheche ninayo, ya bluu. Kwa hiyo sio hapo, hata profesa gani aseme.

Ikabaki kompresheni. Na hapa nikakumbuka vitu viwili ambavyo vilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Kwanza kiki. Asubuhi ukikanyaga unahisi inakataa, inakusukuma mguu, mpaka uipe uzito wako. Ikigoma, kiki inashuka laini kama unakanyaga tope. Mi nilidhani ni mguu wangu umeshazoea! Na stata nayo ikiwa imegoma inazungusha haraka haraka kwa sauti nyepesi, kama inazungusha kitu kitupu. Cha pili, ikigoma kwa kiki nikipata mteremko nikaiingiza gia ya pili nikaachia klachi mara nyingi inawaka. Nilijua tu kwamba kusukuma ndo dawa, sikujiuliza kwanini. (Na kusukuma pikipiki yenye trei za mayai, kuachia klachi ghafla vile, muulize mwenye duka wa Kibamba nilimpelekea trei ngapi zenye nyufa.) Sababu ni kwamba pumzi ikiwa inavuja kidogo, injini ikizungushwa polepole na kiki yote inatoka kabla moto haujapiga, ila ikizungushwa kwa kasi haipati muda wa kutoka yote. Ndo maana pia ikishawaka inaenda poa tu, iko kwenye mizunguko elfu kadhaa kwa dakika, huko hauoni mvujo.

Kupima nikatumia kidole gumba. Asubuhi yake nyumbani nilishakijaribu ikiwa ya baridi ili nijue nzima inakuwaje: unaziba tundu la plagi kwa gumba, unapiga kiki kwa mkono, hewa inakirusha kidole na mlio, pyu! Sa pale chini ya mwembe nikaweka kitambaa nikaziba, nikakanyaga. Inapumua tu. Hivi, kama mtu anapuliza chai. Nikabonyeza zaidi mpaka nikaungua, bado vilevile. Nikasubiri nimekaa kwenye jiwe, nikanywa soda, baada ya dakika ishirini hivi nikarudia, pyu. Nikarudisha plagi, kiki moja, ikawaka.

Nilihisi kama nimegundua dhahabu Geita.

Kesho yake sikwenda kwa mafundi wangu wa kawaida. Kuna mzee mmoja ana banda lake la mabati Kibamba, hana hata bango, anatengeneza zaidi mashine za kusaga na pampu za maji, pikipiki anazipokea akitaka. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba, hujambo." Nikamweleza kila kitu kama nilivyokiandika hapa, cheche ipo, mafuta yapo, ikiwa ya moto haina pumzi, ikipoa pumzi inarudi. Hakugusa hata spana. Akaniuliza swali moja tu.

"Nani alikaza tapeti?"

Tapeti ni zile skrubu za kuweka pengo la vavu, yaani milango ya hewa na moshi pale kichwani mwa injini. Nikataka kusema hakuna mtu. Halafu nikakumbuka, na aibu ikanishika. Miezi miwili nyuma, pikipiki ilikuwa inalia tiki tiki tiki pale juu kichwani, kale kamlio ka cherehani, na mi kalikuwa kananikera, abiria niliyempakia siku moja akaniambia "injini yako inagonga kaka". Nikaenda kwa fundi wa barabarani nikamwambia nitulizie hiyo kelele. Injini imetoka barabarani iko moto, akafungua vifuniko viwili, akashika kwa vidole, akakaza, akawasha, kimya, laini kama mpya. Dakika kumi. Nikampa 3,000 na nyongeza ya soda. Yaani ugonjwa niliuagiza mwenyewe na nikalipia.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Kelele imeisha na pumzi imeisha. Iache hapa ilale, nitaifungua kesho asubuhi kabla jua halijaiamsha. Hiyo kitu haipimwi ikiwa na moto." Nikarudi kwa daladala na trei tupu.

Nilifika saa moja asubuhi maana nilitaka kuona kwa macho. Akatoa plagi ili injini izunguke kirahisi, akafungua vile vifuniko viwili vya vavu, akafungua na vile vizibo viwili vya upande wa sumaku. Akazungusha taratibu kwa spana huku anachungulia kwenye kitundu cha kizibo kimoja mpaka ikatokea alama ya T kwenye sumaku ikakaa sawa na mstari wa kwenye kifuniko. Akanifundisha kwamba T inakuja mara mbili, mara ya kwanza pistoni iko juu inagandamiza, vavu zote zimefungwa, mara ya pili iko juu inamalizia kutoa moshi na hapo vavu ziko kwenye kupishana, ukipima hapo umepotea. Unajuaje? Unashika mikono ya vavu, ile rocka, zote mbili zinatakiwa zichezecheze kidogo. "Shika," akaniambia. Nikashika ya kuingiza hewa, inacheza kwa mbali sana. Nikashika ya kutolea moshi. Haichezi kabisa. Imekaa kama imechomelewa. Na hapo ni injini ya baridi, imelala usiku kucha.

Akatoa fila zake, zile kurasa za chuma nyembamba, akajaribu ya 0.05 kwenye ya moshi, haikuingia hata ncha. Kitabu cha pikipiki yangu kinasema 0.05 ya kuingiza na 0.10 ya kutolea, ikiwa ya baridi. Kila pikipiki ina kipimo chake jamani usinakili changu, nyingi ndogo hizi zinacheza humohumo lakini kuna Honda za CG125 kwa mfano ni 0.08 zote mbili, angalia kitabu cha ya kwako. 0.10 ya milimita ni kama unene wa karatasi ya daftari. Hicho tu ndo kimenitesa miezi miwili.

Sababu yenyewe alinieleza hivi. Vavu ni kama msumari wenye kofia, kofia inaziba tundu. Ikipata moto chuma chake kinarefuka, na ya kutolea moshi ndo inapata moto kuliko zote kwa sababu gesi iliyowaka inapita palepale. Lile pengo limewekwa ili irefuke ipate pa kwenda. Ukiliondoa, vavu ikirefuka inakutana na rocka, rocka haisogei, sa kofia inabaki imeinuliwa kidogo haikai kwenye siti yake (ule mdomo wa tundu inaoziba), pumzi inatokea hapo. Ndo maana nikisimama dakika moja ilikuwa inawaka na nikisimama kumi inagoma, ukizima upepo wa mwendo hakuna tena na joto linaendelea kusambaa pale kichwani. Na mbaya zaidi vavu ya moshi inajipoza kwa kukaa kwenye siti, inapokaa ndo joto linahamia kwenye kichwa. Kama haikai vizuri haipoi, ukiendelea hivyo inaungua kingo, na hapo sasa ndo unashusha kichwa na hela ya kweli inakutoka. Kumbe ile kamlio kalikonikera ndo lilikuwa pengo lenyewe linaongea. Halafu akaongeza kitu ambacho sikuwahi kukisikia, kwamba pikipiki zikichakaa tapeti si lazima zilegee, mara nyingine zinajikaza zenyewe, maana vavu inazama kwenye siti yake kidogo kidogo. Kwa hiyo injini ya zamani ambayo inazidi kuwa kimya mwaka hadi mwaka, wewe unaisifia, yenyewe huenda inakufa.

Akalegeza nati, akarudisha skrubu na koleo, akaingiza fila ya 0.10, akakaza mpaka ikawa inavutika kwa kubana, kama unavuta karatasi iliyowekewa sahani ya ugali juu. Akakaza nati. Akapima tena, imebana zaidi, kwa sababu ukikaza nati skrubu nayo inazunguka nayo kidogo. Akarudia. Mara tatu karudia, mi nilishasema moyoni inatosha mzee, yeye anarudia tu. Akafanya ya kuingiza kwa 0.05. Akazungusha injini mizunguko miwili kamili, T ikarudi, akapima zote upya. Hapo ndo akafunga. Saa nzima, na sio dakika kumi.

Bei yake 8,000. Nikamtolea hesabu ya nilichotumia mpaka pale, plagi, sidiai, kabureta, bila kuhesabu mayai, akatikisa kichwa akasema sidiai uliyotoa usiitupe, ni nzima hiyo.

Tukawasha. Tiki tiki tiki tiki. Kelele yangu imerudi! Nikamwangalia, akaniangalia. "Ukienda tena kumtafuta mtu aitulize usirudi hapa."

Siku hiyo nilipiga ruti yote makusudi kwa jua la mchana, Kibaha mpaka Kimara, nazima kila duka, nakaa dakika kumi hata kama biashara ni ya dakika mbili, naongea ongea tu. Kiki moja. Kiki moja. Moja ya Mbezi ikanishtua ikachukua mbili, nikaungua tumbo, ila ya pili ikawaka. Jioni nikapita pale sheli, nikazima, dada wa pampu akajaza na akaanza kunionyesha pa kusogea, nikakanyaga, vruum. Akasema "he!" basi, hata hongera hakunipa.

Mzee alinipa kazi moja ya nyumbani, nipime tena baada ya kilomita elfu moja, kama pengo la moshi limepungua sana basi vavu inazama haraka au ilishaungua na itabidi kushusha kichwa tu, kusaga vavu au kubadilisha. Nikanunua fila yangu, na nimejifunza kufungua mwenyewe. Jumamosi iliyopita kilomita zilifika 1,040, nikaamka saa kumi na moja na nusu kabla haijaguswa na jua, nikafungua na tochi ya simu mdomoni. Ya 0.10 imeingia. Imebana kidogo kuliko siku ile, au ni mkono wangu sio mkono wa mzee, sijaikaza wala kuilegeza. Nimeandika tarehe na kilomita kwa mkaa kwenye ukuta wa banda la kuku, chini yake nimeacha nafasi ya elfu inayofuata.